Somo wa Fungate ya Muhiddin

Kuna wanaume wakisemwa vibaya mtu huwaonea huruma. Muhiddin si mmoja wao, na anayetaka kumtetea akamtetee kwake. Huyu ndiye aliyekaa barazani Kikwajuni, kikombe cha kahawa mkononi, akawaambia wenzake kwamba mkewe Riyama tangu akatwe mguu amekuwa gogo kitandani. Gogo! Kabla ya adhana ya magharibi neno lile lilikuwa lishafika dukani, lishapita bombani kwa wachota maji, na likamkuta Riyama mwenyewe jikoni kwake, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, kigutu kakinyoosha mbele kwa sababu kilikuwa bado kinamuuma.

Na mguu wenyewe ulikwendaje? Muhiddin ndiye aliyekuwa akiendesha vespa. Walikuwa wanatoka Kiembe Samaki kumtazama mgonjwa, yeye akaona raha kulipita lori la mchanga penye kona. Riyama nyuma yake, kamshika kiuno, akamwambia, "Muhiddin, polepole." Akajibiwa, "Wee kaa tu." Basi bwana akarushwa kwenye majani, akaamka kachubuka viwiko. Riyama alizinduka hospitali siku ya pili, mguu wa kulia umeishia chini kidogo ya goti. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Kuna jambo hapa ambalo Riyama hakumwambia mtu kwa miaka kumi. Jeraha lilipofunga, yeye ndiye aliyemtaka mumewe. Watu hudhani mtu akikatwa mguu na hamu nayo hukatwa, sijui nani kawaambia. Mwili uliobaki ulikuwa mwili wake uleule. Alijifukiza udi, akatandika shuka jipya, akamwaga asumini, akamngoja kwa furaha na woga kama siku aliyoolewa. Muhiddin aliingia, akazima taa. Akaomba kile kigutu kifunikwe kwa kanga. Riyama akakifunika. Na baada ya hapo nguvu za Muhiddin zikamkimbia, siku ile na siku zote zilizofuata. Akalia, mwanamume mzima, akamshika mkewe mikono miwili: "Nisitiri, Riyama. Asijue mtu."

Riyama akamsitiri. Alimchemshia mdalasini na tangawizi, akamwambia mambo yatarudi, asijitie unyonge. Mwenye kuumwa ndiye aliyekuwa akimbembeleza mzima! Na malipo yake ndo lile neno la barazani. Muhiddin aliogopa watu wasije wakauliza mbona mke hapati mimba, basi akawahi yeye kusema. Mwezi haukwisha, talaka ikaja kwenye karatasi ya daftari, na mwenyewe akaruka zake Muscat kutafuta kazi.

Lile neno lilibaki na Riyama nyumbani. Kioo cha kabati alikigeuza kikatazama ukuta. Alioga amefumba macho. Wanja aliacha, hina aliacha, akasema hina ya mguu mmoja nani ataiangalia. Akienda kununua kanga, alichagua zile za rangi iliyopooza wanazonunua bibi za watu. Na ubaya kuliko wote, alikuja kuliamini. Yeye, aliyeujua ukweli kwa macho yake, alifika mahali akajiambia labda ni mie kweli, labda ningekuwa na miguu miwili asingeshindwa. Hapo ndipo mtu anapomchukia Muhiddin mpaka anakosa pumzi.

Aliyemtoa ndani ni Bi Borafya, somo yake mwenyewe, bibi kizee aliyemfunza siku za uharusi wake. Bibi huyu hakupiga hodi siku zote za maisha yake. Aliingia, akakitazama kile kioo kilichogeuzwa, akafyonya.

"Ndo mguu uliokuwa ukiolewa?"

"Bi Borafya, niache."

"Nkuache uoze? Inuka. Mikono yangu ishachoka kutwanga, na wewe yako mizima."

Akamfunza kazi. Kutwanga singo ya kumsugulia biharusi, kuchanganya udi, kufunga vikuba vya maua ya kunukia, na baada ya hapo kile kilicho kikubwa zaidi, kumfunza mwari mambo ya chumbani na kukaa naye siku saba za fungate. Riyama alikataa katakata. "Nani atamtaka kilema amfunzie mwanawe mambo ya kitandani?" Bi Borafya akamuuliza, "Kwani wafunza kwa mguu?" Mjadala ukaishia hapo.

Akapata mguu wa bandia. Chini ya baibui, nje ya mtaa wao hakuna aliyejua. Alichechemea kidogo tu, watu wakadhani goti. Miaka ikapita, singo yake ikapata jina mpaka jina lake mwenyewe likasahaulika, kila mtaa ukamjua kwa Bi Singo. Aliwafunza wasichana wa watu kwamba miili yao si aibu, kwamba raha ya ndoa ni haki yao nao pia, na akirudi kwake alilala kwenye kitanda cha futi tatu, uso kaelekeza ukutani.

Halafu Amour. Amour ni seremala hapo hapo Kikwajuni, kafiwa na mkewe, mtu wa maneno machache na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alimtengenezea Riyama kigoda cha kukalia wakati wa kazi, akakipima urefu mara tatu ili akikaa asiumie paja. Siku alipokileta aliuliza, bila kuzunguka, "Ukiuvua huo mguu, panauma?" Hakuna mwanamume aliyewahi kumuuliza hivyo. Riyama alijibu panauma siku za baridi, na usiku ule hakulala, kwa sababu alimtaka. Alimtaka hasa. Amour akaleta posa, akakataa. Akaileta tena, akakataa tena, na safari hii akalia baada ya wajumbe kuondoka. Kila alipojiona yuko chumbani na Amour, aliiona saa ile ya kuuvua mguu, na lile neno la Muhiddin likawa limeshawatangulia kitandani. Amour alimpelekea salamu moja tu: "Mwambieni nipo." Riyama alijua hawezi kwenda kwa mtu yule mpaka neno lile limrudie aliyelitoa.

Basi mwaka huu, baada ya Mfunguo Mosi, mwezi ule unaofuata Ramadhani, akaja Bi Muzdalifa kutoka Mwanakwerekwe. Alimtaka Bi Singo amchukue mwana wa kaka yake, Nadra, mwari wa miaka ishirini na tatu, mtoto mwenye adabu na kicheko cha karibu. Riyama akakubali. Siku ya tatu ya kumfunza, kadi za harusi zikaletwa kutoka kwa mchapaji, wanawake wakazigombania. Riyama akapewa yake. Akaisoma, akaisoma tena. Muhiddin Nahodha Vuai.

Mtazame upumbavu wetu. Wale watu walimpeleleza bwana harusi, aliyekuwa karudi kutoka Muscat, kila pembe. Waliuliza msikitini, waliuliza kazini, wakaulizia na Muscat. Wakaambiwa aliwahi kuwa na mke, mke akapata ulemavu, hakuwa tena wa mambo ya ndoa. Wakasema maskini, akavumilia kijana wa watu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mwanamke huyo ni nani, anaitwa nani, anakaa wapi. Kilema aliyeachwa, kwao, alikuwa kishakwisha. Na Muhiddin naye hakuuliza somo wa biharusi ni nani. Hayo ni ya wanawake, mwanamume wa kwetu hayatii mkono. Mama hakuwa naye, dada hakuwa naye, wa kumwambia alikuwa hana.

Riyama alikwenda moja kwa moja kwa Bi Borafya, akamkuta kitandani na miguu yake iliyovimba.

"Iache kazi hiyo," bibi alisema.

"Siiachi."

"Riyama! Somo hatoi la chumbani. Ukilitoa lake huyo, umeimaliza kazi yako na jina langu mie."

"Sitolitoa mie."

"Sasa unakwendea nini?"

"Nakwenda kumkalia mlangoni. Siku saba."

Bi Borafya alicheka mpaka akakohoa, ikabidi anyweshwe maji. Alipopata sauti yake alisema, na safari hii hakuwa na kicheko, "Yule mtoto wa watu usimguse."

Riyama alimfunza Nadra kama alivyowafunza wengine, hakumpunguzia kitu. Wallahi hata singo yake aliitwanga mara mbili. Aliongeza jambo moja tu. "Usizime taa," alimwambia. "Mume akitaka uizime, muulize anaogopa kuona nini." Nadra akacheka, akaficha uso kwa kanga, akaahidi.

Siku ya harusi Muhiddin alifungishwa ndoa msikitini, na baada ya sala ya alasiri wakamleta kwa mkewe. Wanaume wakabaki ukumbini, kama ada. Yeye akaongozwa ujiani, joho la dhahabu, kilemba, manukato mtu anayasikia toka barabarani, na wanawake wamejazana pande zote mbili wanapiga vigelegele na vijembe. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Nyuma yake alisimama somo.

"Nani?" Riyama aliuliza kwa ndani.

"Muhiddin."

"Hatukusikia!" wanawake wakapiga kelele.

"Muhiddin!"

"Unataka nini?"

"Nnamtaka mke wangu."

Vigelegele. Kwa kawaida hapo mtu hutoa kitu cha kufunguliwa mlango, akaingia. Riyama hakufungua. "Tumeambiwa ulikuwa naye mwengine. Huyo ulimfanya nini?"

Swali hilo halimo katika maskhara ya siku zote, lakini wanawake walilipenda, wakalirukia: jibu, bwana harusi, jibu! Muhiddin akatengeneza joho lake. Alitaka aonekane hodari wa maneno, na zile kelele zote hazikumwachia aitambue sauti. "Yule alikuwa nusu," alisema. "Leo nimekuja kuchukua mzima."

Walicheka. Wako waliocheka. Mmoja alifyonya, Mungu ambariki. Na mlango ukafunguka.

Muhiddin alipomwona aliyeko mbele yake, rangi ilimtoka usoni yote. Wanawake wakadhani haya za uharusi. "Msalimie somo! Mtu hamwamkii somo?" Muhiddin akanong'ona kitu.

"Hatukusikia!"

"Shi... shikamoo."

"Marahabaa," Riyama akaivuta, akaivuta mpaka akaona raha yake hasa. "Marahaba, bwana harusi. Karibu. Vua viatu nkuoshe."

Maana ndo ada, somo humwosha bwana harusi miguu kabla hajamkaribia mke. Riyama akakaa juu ya kigoda cha Amour, beseni mbele yake, maji yametiwa mawaridi. Akaushika mguu wa kulia wa Muhiddin, akaumwagia taratibu, akaupangusa kidole kwa kidole.

"Mguu mzuri, mashaallah," alisema wote wasikie. "Na wa pili upo?"

Wanawake hoi kwa kicheko. "Upo," Muhiddin alisema.

"Alhamdulillahi. Wengine hawakujaaliwa kutoka na yote miwili."

Muhiddin akataka kuuvuta mguu, Riyama akaushikilia. Hakuna aliyelijua lile isipokuwa wao wawili, na kwa siku ile Riyama aliona inatosha.

Fungate ikaanza. Somo hulala chumba cha pili, mlango kwa mlango, na mchana hukaa kwenye mkeka hapo ujiani, asubuhi hupeleka maji ya moto na uji, huwapokea mashuka. Kila alipopita, Riyama aliukanyagisha mguu wake wa bandia kwenye saruji, ko, ko, ko, wakati siku zote anajua kutembea asisikike. Asubuhi ya kwanza Muhiddin alitoka na macho mekundu, akamkuta kasimama na birika.

"Umeamkaje, bwana harusi? Umepumzika?"

Muhiddin akapokea birika, akarudi ndani. Riyama alirudi kwenye mkeka wake, akamenya vitunguu huku anaimba kimoyomoyo. Miaka kumi hakuwa na asubuhi nzuri kama ile, na hakuna haja ya kumpamba, alikuwa anafurahia. Alimjua yule mtu. Alijua asingeweza kitu huku anajua nani amekaa nyuma ya mlango.

Siku ya pili Muhiddin alimfuata Bi Muzdalifa, akamwambia kwa heshima kwamba mambo haya ya somo yamepitwa na wakati, labda yule bibi aruhusiwe arudi kwake. Bi Muzdalifa akamkodolea macho. "Fungate bila somo? Unataka tuzungumzwe Mwanakwerekwe nzima? Kakufanya nini?" Alichofanyiwa hakuweza kukisema. Akarudi chumbani.

Siku ya tatu asubuhi, Nadra alitoka peke yake. Akakaa mkekani ubavuni mwa Riyama, kajifunika kanga mpaka kidevuni, macho yamevimba.

"Somo, mie nna kasoro gani?"

Riyama aliweka kisu chini.

"Taa niliiacha kama ulivyonambia," Nadra akaendelea. "Akataka nizime, nkamuuliza anaogopa kuona nini. Basi kanigeuzia mgongo. Na jana vilevile. Kasema mie baridi. Kasema mwanamume hawezi kitu kwa mke kama mie." Akajitazama mikono yake iliyojaa hina. "Mbona nilifanya yote? Nanuka, Somo? Nambie kama nanuka, sitokasirika."

Furaha yote ya siku mbili ikamtoka Riyama hapo mkekani. Maneno yale aliwahi kuyasema yeye, kwa kioo kilichogeuzwa. Usimguse, aliambiwa, na yeye alimgusa kwa ile taa, alimtuma mtoto wa watu akapigane vita visivyomhusu. Akamvuta Nadra kifuani na akaona aibu.

Aibu haikudumu. Kabla Nadra hajafuta machozi, Bi Muzdalifa alitokea ukumbini kama moto.

"Bi Singo, hebu nambie, huyu mtoto ulimfunza au ulimchezea? Bwana harusi kaniita sasa hivi. Mie, mtu mzima, naambiwa mwenetu gogo!"

"Kasema gogo?"

"Neno lenyewe hilohilo! Na kasema atampelekea kaka yangu habari, aseme tumemtilia kitu kibovu."

Mara ya pili. Lile lile, hata hakujisumbua kutafuta jingine. Riyama aliinuka. "Bi Muzdalifa, nipe mpaka alasiri," alisema. "Ikipita alasiri, nitoe kwa fagio."

Alimkuta Muhiddin uani karibu na birika la maji, anavuta sigara. Akamsimamia mbele.

"Umekuja kuniharibia," Muhiddin alisema.

"Mie nimekuja kukuosha miguu, nkakuosha. Vilivyoharibika vilikuwa vishaharibika."

"Utawambia?"

"Sisemi. Nilikupa sitara, na nimekaa nayo miaka kumi, wakati wewe unanivua nguo barazani. Utasema mwenyewe, leo, mbele ya mkeo na shangazi yake."

"Wewe mwendawazimu. Nikikataa?"

"Ukikataa nampeleka yule mtoto kwa kadhi. Kadhi atamuuliza yeye, kisha ataniuliza na mie, na mbele ya kadhi haitakuwa umbea, utakuwa ushahidi. Wake wawili, Muhiddin. Sote wawili magogo? Fikiri atakuamini nani."

Sigara ilimuunguza vidole, akaitupa. "Riyama, mie niliogopa," alisema polepole. "Kila nikikukaribia naliona lile lori."

Ilikuwa kweli, na Riyama alijua ni kweli. Angeisema miaka kumi nyuma wangelia pamoja, na pengine wangeponea pamoja. "Na mie je?" alimuuliza. "Mie niliyekuwa nalo mwilini, sikuliona?" Akamwacha hapo.

Alasiri wakakutana chumbani, madirisha wazi, pazia limefungwa upande. Nadra alikaa kitandani. Bi Muzdalifa alisimama kando ya kabati, mikono kiunoni. Riyama akaweka kigoda chake katikati ya chumba, akaketi, beseni mbele yake. Akapandisha gauni, akafungua mikanda, akauvua mguu, akausimamisha ukutani.

"Subhanallah!" Bi Muzdalifa alisema. "Bi Singo, kumbe..."

"Jina langu Riyama. Mie ndo yule nusu mliyemcheka mlangoni. Huyu alikuwa mume wangu."

Nadra alimtazama mumewe, akamtazama somo yake, akaukamata ubao wa kitanda.

"Siku ile nilikuosha mie," Riyama akamwambia Muhiddin. "Leo unioshe wewe, bwana harusi. Na huku unaosha, unasema."

Muhiddin alipiga magoti, kanzu ikaloa kwenye ukingo wa beseni. Macho kayapeleka ukutani.

"Kitazame. Hujapata kukitazama hata siku moja, na ndicho ulichokihadithia barazani. Tazama!"

Akatazama. Palikuwa na ngozi na mshono mrefu wa zamani, na mahali palipong'aa kidogo kwa kusuguliwa na ule mguu wa bandia. Mwili tu. Riyama naye alikuwa anautazama, katika mwanga, mbele ya watu, na aliona ajabu kwamba hakutaka kuufunika. Muhiddin akachota maji kwa kiganja.

"Riyama hakuwa na kasoro," alinong'ona.

"Hatukusikia," Riyama alisema.

"Riyama hakuwa na kasoro. Mie ndiye niliyeshindwa. Nilishindwa kwake, na nimeshindwa hapa. Nadra hana kosa lolote."

"Ukaniitaje barazani?"

Muhiddin akachota maji mengine, akaosha.

"Uliniitaje?"

"Gogo."

"Na gogo alikuwa nani?"

Muhiddin akainamisha kichwa, sauti ikatoka imepasuka. "Mie."

Bi Muzdalifa akakaa chini, pwata, sakafuni. Riyama akamgeukia Nadra. "Sikiliza, mwanangu. Mwanamume kushindwa si aibu, ni maradhi, yana dawa na yana madaktari, na mke anayependwa hungoja. Mie ningengoja maisha yangu yote. Aibu ni kuchukua lako ukamvisha mwenzio. Na ile taa niliyokwambia, nilikukosea, nilikuwa na langu. Unisamehe."

Nadra alishuka kitandani, akamwinamia Riyama, akambusu mkono. Kisha akafungua kabati, akatoa kanzu za Muhiddin, akazikunja moja moja kwa utulivu kama alivyofunzwa, akawa anazitia kwenye begi lile alilokuja nalo. Fungate ilikuwa siku ya tatu. Bi Muzdalifa, pale sakafuni, alimpokeza viatu.

Muhiddin aliliona begi linajaa. Akaling'ang'ania beseni kwa mikono miwili, na machozi, yale yale ya zamani, yakaanza kumtoka.

"Riyama, nnakuomba radhi. Nipe radhi yako."

Riyama alikiinua kigutu chake kidogo, akakigeuza huku na huku, akakikagua kama mtu anayekagua sahani iliyooshwa na mvivu.

"Nyuma hujafika," alisema. "Osha vizuri. Nna mtu ananisubiri Kikwajuni."